Mkunga Nthenya na Mtoto Aliyeitikia

Mikono ya kwanza kunishika hapa duniani ilikuwa ya Veronika Nthenya. Si mimi peke yangu. Karibu kila mtu wa rika langu aliyezaliwa Kyanzuu, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Kanyangi, alipokewa na mama huyo, maana zahanati haikuwapo na gari halikupita. Alikuwa mrefu na mwembamba, kucha amezikata mpaka karibu na nyama, na ukimkaribia unasikia harufu ya sabuni ya mche. Mumewe, Muthama, alikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibwezi, akarudi nyumbani mara mbili tu. Mara ya tatu ilikuja habari kwamba ameumwa na nyoka na ameshazikwa. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nthenya akabaki na boma la nyumba moja, mbuzi wachache, na kazi ya kuzalisha wenzake.

Alibatizwa mwaka wa 1958, akiwa miongoni mwa wale wanawake kumi na wawili walioanzisha kigango chetu. Walichota maji mtoni, wakakanyaga udongo, wakajenga kanisa la fito na matope ambalo padre alilifikia kwa pikipiki mara moja kwa mwezi. Padre wetu alikuwa Fatha Brenan, Mwailandi mwenye masikio mekundu aliyesema Kikamba kama aliyekinyonya. Kwa siku nyingine zote za mwezi tulikuwa na katekista tu, na kwa wagonjwa na wazazi tulikuwa na Nthenya.

Ndiyo maana mwaka wa 1963 sista mmoja muuguzi kutoka misheni alimketisha chini akamfundisha kubatiza. Mtoto akizaliwa mdhaifu, akionekana hatafika jioni, mkunga asingoje padre. Amwagie maji kichwani mara tatu na aseme maneno yale. Sista alimrudisha kwenye sharti moja mara nyingi: mtoto awe anapumua. Kama amekwisha kufa, maji hayana kazi, kwa sababu sakramenti ni za walio hai. Nthenya alimwambia ameelewa, na kwa miaka mitatu alilishika neno hilo. Watoto waliozaliwa wafu walifungwa kwenye kitambaa na kuzikwa vichakani nyuma ya boma, bila msalaba, jinsi ilivyokuwa desturi. Waliobatizwa walizikwa kwenye uwanja wa kanisa.

Kaluki, mke wa Ndolo, alikuwa na wawili tayari kule vichakani.

Mimba ya tatu ilifika mwisho wake Februari ya 1966, siku ya jua kali, saa sita mchana. Ndani ya nyumba walikuwa watatu: Kaluki mwenyewe, Nthenya, na mama mkwe wa Kaluki, bibi mzee aliyeitwa Kasyoka, ambaye sote tulimwita Susu. Mtoto alitoka akiwa msichana mzima, mwenye nywele nyingi na vidole vya kuhesabika, na hakulia. Nthenya alimpuliza puani, akamgeuza, akampigapiga mgongoni, akamwekea unyoya wa kuku mbele ya pua. Unyoya haukutikisika. Mtoto bado alikuwa na joto.

Kaluki, akiwa amelala uso ukutani, aliuliza jambo moja tu.

"Ametoa sauti?"

Nthenya aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alikuwa amefungua kinywa kusema hapana. Lakini pale mlangoni jua lilikuwa limeangukia kile kitambaa kilichokuwa kimetayarishwa kando, cha tatu, kimekunjwa vizuri.

"Ametoa," akasema. "Kidogo. Anaitwa nani?"

"Ndila."

Akachukua maji kwenye kata, akamwaga mara tatu, akasema, "Monika Ndila, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha akangoja kidogo, akasema mtoto ametulia.

Susu Kasyoka alikuwa ameona kila kitu kutoka pale kwenye mafiga. Alimfuata Nthenya nje, akasimama naye chini ya jua. Kwa mila yetu ya zamani mtoto hapewi jina mpaka siku zake tatu za kwanza zipite. Kabla ya hapo bado ni wa aimu, roho za waliotangulia, wanaweza kumchukua kama walivyomleta na hakuna anayedai. Susu alimwambia Nthenya kwamba yeye hajui mambo ya kanisa, ila anajua hili: ukimwita aliyekwisha kuondoka, utakuwa umemsimamisha njiani. Hawezi kuendelea, hawezi kurudi. Nthenya alimjibu kwamba mtoto alipumua. Susu akamtazama, akarudi ndani kumkandia mzazi maji ya moto.

Ndila alizikwa uwanjani kwa kanisa kesho yake, akawekewa msalaba wa mti. Mbuvi, aliyekuwa katekista wakati huo, aliandika ubatizo kwenye daftari lake, na mwisho wa mwezi jina likaingia kwenye kitabu kikubwa cha parokia, namba 212. Vifo vilikuwa na kitabu kingine, na mtu alipaswa kwenda kuviripoti. Hakuna aliyekwenda. Mimi nilizaliwa siku tatu baada ya Ndila, mikononi mwa mkunga yuleyule, na nilipobatizwa Fatha alipokuja, niliandikwa chini yake. Rosa Mutindi, namba 213.

Kwa miaka tisa hapakuwa na jambo. Kaluki alipata watoto wengine, wa kwanza wao mvulana anayeitwa Ndeti, wote wakaishi. Kanisa la matope likaanguka na mvua, likajengwa la matofali na mabati. Mbuvi alizeeka, na kazi ya ukatekista ikashikwa na Kivuva, kijana aliyetoka Kasikeu kuoa kwetu, mtu wa bidii na mwandiko mzuri, ambaye hakujua nani amezaliwa na nani wala nani amezikwa wapi.

Mwaka wa 1975 Kivuva alitakiwa kutayarisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alikwenda parokiani, akafungua kitabu kikubwa, akanakili majina ya waliofikisha umri. Yalikuwa kumi na tisa. Kila Jumamosi asubuhi tulikaa kanisani, naye akasoma majina kwa kufuata namba.

"Monika Ndila."

"Niko."

"Rosa Mutindi."

"Niko."

Nimeulizwa mara nyingi kama niliona mtu. Sikuona. Wala sikuona ajabu. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, ya kawaida, iliyotoka upande wangu wa kushoto. Ninachokumbuka ni benchi. Mabenchi mengine yalikaa watoto watano, wakasukumana na kufinyana. Letu lilikaa wanne, na hakuna siku hata moja tuliona kuna nafasi. Nilikuwa nikiinama kuandika, ninabana kiwiko changu cha kushoto ili nisimguse mtu. Jambo hili nililifikiria baadaye sana, nikiwa mtu mzima, na nilipolifikiria nilitoka nje nikakaa mahali penye watu.

Siku ya Komunyo wanawake walivaa vitambaa vya kichwa vyeupe na kanisa lilijaa hadi nje. Fatha Brenan alikuwa ametenga hostia ndogo kumi na tisa, ile mikate myembamba ya Komunyo, kwa ajili ya watoto, akaziweka kwenye sahani yake. Kivuva alisimama pembeni akaita majina, na kila aliyeitwa aliitika na kwenda mbele. Nthenya alikuwa amesimama upande wa wanawake, mwenyekiti wao, nguo imepigwa pasi. Alisikia, "Monika Ndila." Alisikia, "Niko." Aliyekuwa karibu naye anasema alikaa chini pale pale, wengine wote wakiwa wamesimama.

Watoto tuliokwenda mbele tulikuwa kumi na wanane. Nilikuwa ninamfuata Fatha kwa macho, kwa hiyo nilimwona akisita kabla ya kunifikia, mkono uko hewani, kisha akaendelea. Alipomaliza, sahani ilikuwa tupu. Aliitazama, akaangalia chini kwenye sakafu mbele ya viatu vyake, akapiga magoti kutafuta. Hakupata kitu. Misa ikaendelea.

Alasiri, watu wakiwa wanakula pilau uwanjani, Nthenya alimwita Kivuva kando akamuuliza huyo Ndila ni nani. Kivuva alimwambia ni msichana wa Ndolo, mtulivu sana, hajakosa Jumamosi hata moja, na maswali ya katekisimu anayajibu kuliko wote. Nthenya akamuuliza anafananaje. Kivuva akaanza kusema, akaacha. Alitazama kundi la watoto, akaangalia daftari lake lenye alama za mahudhurio, akasema labda ameshakwenda nyumbani.

Mtu mwingine angekwenda kwa padre jioni ileile. Nthenya hakwenda. Alijua akisema, Kaluki ataambiwa kwamba mwanawe hakuwahi kuwa hai, na kwamba kaburi analolipalilia kila Novemba limepatikana kwa uongo. Alijua pia hakuna atakayempa tena mtoto wake ashike. Alinyamaza miaka minne. Katika miaka hiyo alipungua mwili, akaanza kutoka kanisani kabla ya baraka, na kazi ya ukunga akawa anaifanya kwa kuogopa. Mzazi akiuliza chochote, hajibu. Anamnyanyua mtoto tu na kumwonyesha.

Mwaka wa 1979 ikatangazwa Kipaimara. Askofu angekuwa safarini, kwa hiyo angemtuma Monsinyori fulani kuja kuwapaka watoto krisma kwa niaba yake. Kila mtoto alihitaji msimamizi, mtu mzima wa kumwekea mkono begani wakati anapakwa mafuta. Kivuva alipanga orodha, wengine wakaleta shangazi, wengine wakaleta majirani. Kisha akaenda nyumbani kwa Nthenya asubuhi moja, akamkuta anakamua mbuzi, akamwambia kwamba wote wana wasimamizi isipokuwa mmoja.

"Yule Ndila wa Ndolo hajaleta mtu," akasema. "Nilimuuliza, akaniambia mama yake wa ubatizo ni wewe."

Nthenya aliweka kibuyu chini. Siku hiyohiyo alitembea hadi parokiani, akamkuta Fatha Brenan akirekebisha pikipiki, akamwomba amsikilize kitubio. Alichosema mle ndani kilikuwa siri, lakini yeye mwenyewe alinipa mimi kwa hiari yake, na amekufa sasa. Fatha alimwambia kwamba maji yale hayakumbatiza mtu, na kwamba Mungu hafungwi na maji, mtoto yuko mikononi mwake bila ubatizo wowote. Dhambi ni ule uongo, nayo imesamehewa. Malipizi yake ni kwenda kumwambia mama wa mtoto ukweli. Nthenya akamuuliza, kama mtoto yuko mikononi mwa Mungu, ni nani anayeitikia Jumamosi? Fatha akarudia tu kwamba aende kwa mama wa mtoto, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo Nthenya hakupata kuiona tena.

Nthenya alimkuta Kaluki uwanjani anapura mbaazi, peke yake, jua liko utosini. Akaketi kwenye gunia, akamweleza bila kuzunguka. Kaluki hakuacha kupura mpaka neno la mwisho. Ndipo akaegemeza fimbo ukutani.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje? Ulikuwa umegeukia ukuta."

"Nilisikia mikono yako. Mtoto akiwa hai mikono ya mkunga inakimbia. Yako ilikuwa imesimama." Akajipangusa uso kwa leso. "Nilikuuliza ili uniambie vile ulivyoniambia. Kama ungesema hapana, ningekufa palepale. Kwa hiyo ule uongo tuliufanya wawili, mama."

Nthenya akamuuliza kama na yeye amesikia. Kaluki akasema ndiyo, siku ya Komunyo, na kwamba alifurahi. Kwa wiki moja alifurahi, akamwekea hata sahani. Kisha akaanza kuogopa kwa ajili ya watoto wake wadogo, na Susu Kasyoka, kabla hajafa, alimkataza asiitike akiitwa na sauti ya mtu asiyemwona. Aliyeita ndiye wa kuitikiwa, Susu alikuwa amesema, na aliyeita si Kaluki, ni Nthenya.

Walikwenda parokiani pamoja. Jina haliwezi kufutwa kwenye kitabu cha ubatizo, lakini pembeni mwake Fatha Brenan aliandika kwa Kilatini kwamba mtoto alikuwa amefariki kabla ya maji, akatia sahihi na tarehe. Akamwagiza Kivuva aliondoe jina kwenye orodha ya Kipaimara. Kivuva aliambiwa sababu. Nasikia siku hiyo hakurudi nyumbani kwa njia yake ya kawaida, inayopita karibu na uwanja wa makaburi.

Jumamosi iliyofuata Kivuva alisoma majina. Alilipita haraka lile jina alilolikata, kama mtu anayevuka daraja bovu.

"Rosa Mutindi."

"Niko."

Ila si mimi niliyesema. Kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Sauti ilitoka pale pale kushoto kwangu, na sasa haikuwa ya mtoto mdogo, ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na mitatu kama mimi. Wenzangu hawakugeuka, kwa sababu wao walisikia jina la Mutindi na jibu la Mutindi. Kivuva alikuwa ananitazama midomo. Aliweka alama, akafunga daftari, akatuambia twende nyumbani, somo limekwisha.

Sikumwambia mtu. Siku ya Jumatano mama yangu aliniita kutoka shambani, akaitikiwa kutoka nyuma ya ghala, akasema nilete maji, akaitikiwa tena, "Naja." Alingoja. Mimi nilikuwa mtoni na ndoo tangu asubuhi. Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, jembe mkononi, na aliponiona nikitokea upande wa mtoni alianza kulia. Nikamweleza habari ya Jumamosi. Alinishika mkono, tukaenda kwa Nthenya bila hata kutua ndoo vizuri.

Nthenya alitusikiliza. Aliniuliza kama nimeguswa, nikasema sijaguswa. Kisha akasema maneno ambayo nadhani alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe mara nyingi: kwamba wamemnyang'anya yule mtoto jina na hawakumpa mahali, na sasa amehamia mstari unaofuata.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Ijumaa saa nane mchana, alikuja kanisani. Hakuvaa sare ya wanawake wa kanisa. Alivaa kanga zake za kazi, zile alizovaa alipokuwa akienda kuzalisha. Akasimama kwenye njia ya katikati karibu na benchi letu, akamwambia Kivuva aite kama kawaida. Kivuva aliita. Lilipofika langu, nikafunga midomo kwa nguvu, na sauti ikasema, "Niko."

"Ndila," akasema Nthenya.

Bati la kanisa lilikuwa linalia kwa joto.

"Ndila, hilo si jina lako, mwache mwenzako. Lako halijafutwa. Ni mimi niliyekuita, na ni mimi nitakayekujibu." Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, chini kidogo ya bega lake. "Toka, twende nyumbani."

Akangoja. Alingoja vile unavyomngoja mtoto anayekusanya vitu vyake. Benchi letu likalia kama linavyolia mtu anapoinuka. Wenzangu wote walisikia, na mmoja alikimbia akapitia dirishani. Nthenya alifumba kiganja polepole, akageuka, akatoka kwa mlango mkubwa kwenye lile jua, anatembea kwa hatua fupi zisizo zake. Mimi nilisogea upande wa kushoto. Ilikuwa mara ya kwanza. Ubao ulikuwa na baridi kama chungu cha maji.

Kesho yake nilipata Kipaimara, nikaitika mwenyewe.

Tangu hapo Nthenya hakuzalisha tena. Hakuna aliyemkataza, wanawake waliendelea kumwendea, yeye akawa anawaelekeza kwa mwingine, au zahanati ya Kanyangi ilipofunguliwa, huko. Kwake nyumbani alikuwa na vigoda viwili karibu na mafiga. Mwaka wa 1984, wakati wa ile njaa watu walipokuwa na pesa mfukoni na chakula hakipatikani, alipanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada kama sisi sote, akaomba kipimo cha mtu mmoja, na majirani waliopita walimwona akikigawa kwenye sahani mbili. Watu wanne wa kanisa jingine walikwenda kumwombea ili pepo amtoke. Aliwapa chai isiyo na sukari, akawaambia, "Si pepo huyu. Ni msichana," nao wakaomba kwa muda, wakaenda zao.

Kanisani aliketi benchi la nyuma, mwisho kabisa, na hakuna aliyeketi karibu naye. Fatha Brenan kabla hajahamishwa alikuwa akimpelekea Komunyo pale pale nyuma. Hakuwa akiharakisha kuondoka.

Mimi niliolewa, nikarudi, nikaajiriwa parokiani kuandika vitabu. Mwaka wa 1988 nilimpelekea Nthenya mtoto wangu wa kwanza amwone. Alimpakata vizuri, akamkagua vidole kama zamani. Tulizungumza mambo mengi ya kijiji, na nilipoinuka kuaga aliniambia nije tena.

"Wewe na yeye ni rika," akasema. "Anapenda akikusikia unazungumza. Mimi nimezeeka, sina hadithi."

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda cha pili kwa saa nzima. Sikuuliza alikuwa amekaa wapi. Nilirudi, hata hivyo. Nilirudi mara nyingi, na ni katika siku hizo alinisimulia haya yote, sehemu kwa sehemu, akiwa anachambua kunde. Nilimuuliza siku moja kama anajuta. Alisema anajutia ule uongo kwa sababu ni dhambi, na mtoto hamjutii. Nikamuuliza kama huwa anaogopa. Akasema mwanzoni aliogopa sana, hasa mchana, saa sita, wakati kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi na ukaona viko viwili. Baadaye akazoea, kama unavyozoea jino bovu.

Alikufa mwaka wa 1992, mwezi wa Agosti, akiwa amelala, nami nilimwandika katika kitabu cha vifo kwa mkono wangu. Fatha wa wakati huo, Mkamba mwenzetu kijana, hakujua habari, na hakuna aliyemweleza. Mazishi yalikuwa makubwa. Waliopokewa na mikono yake walipotakiwa kusimama, karibu watu wote walisimama, na niliowahesabu walizidi mia mbili.

Watu walipokwisha kutawanyika, Kaluki alibaki. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini sasa, mjane, mnene kidogo. Alikwenda hadi kwenye mlango wa nyumba ya Nthenya, uliokuwa wazi, akasimama nje. Mimi nilikuwa naosha masufuria, mikono imejaa majivu. Nilimwona akisitasita. Alikuwa ameliahirisha jambo hili kwa miaka ishirini na sita.

"Mimi ni mama yako," akasema akielekea ndani. "Sikukuita siku ile. Nakuita leo."

Hakunyoosha mkono kama Nthenya. Alijipangusa tu machozi, akasema, "Haya, twende," akatangulia, nikamsikia akizungumza njiani kwa sauti ya chini mpaka alipopinda kwenye ua wa minyaa. Usiniulize kama alijibiwa. Nilirudia masufuria yangu kwa makelele mengi.

Mwanawe Ndeti alinunua shamba upande wa Kasikeu, na mwaka wa 1994 akaja na lori kumhamisha. Kaluki alikataa kukaa mbele na dereva, ingawa alikuwa na miguu mibaya. Ndeti alimsihi. Kaluki akasema huko mbele pana nafasi ya mmoja. Wakampandisha nyuma pamoja na magodoro na kuku.

Nilimtembelea miaka mitatu baadaye, tulipokwenda Kasikeu kwa mkutano wa akina mama. Alifurahi, akanichinjia kuku, akaniuliza habari za kila mtu. Alisema kanisa la huko liko karibu, ila padre anaanza Misa mapema mno. Aliniuliza kama watu wa Kyanzuu bado wanamtaja Nthenya kwenye sala za marehemu, nikamwambia tunamtaja. Alipakua sahani tatu ingawa tulikuwa wawili, tukala. Akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha, nikamwambia imenyesha kidogo, na kunde zimeota.